Je, Wajua? Msuli Mpana Kuliko Yote Umejificha Mgongoni

Kusanya vijana kumi chini ya goli la uwanja wa kijiji pale Mzenga, wilayani Kisarawe, uwaulize ni msuli gani unaomfikisha mtu kidevu juu ya mtambaa wa panya. Wengi watakunja mkono na kuutunisha ule msuli wa juu ya kiwiko. Jibu hilo lina ukweli, lakini wa robo tu. Msuli wa mkono unasaidia, ila mwenye kazi hasa yuko nyuma, mahali ambapo mwenyewe hapaoni hata akijigeuza mbele ya kioo.

Wataalamu wa anatomia huuita kwa Kilatini latissimus dorsi. Ni msuli wa mgongoni ulio mpana kuliko misuli mingine yote ya mwili. Umeanzia kwenye pingili za uti wa mgongo, kuanzia usawa wa chini ya mabega hadi kiunoni, ukajishikiza kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga na kwenye mbavu za chini. Kutoka huko nyuzi zake hupanda zikikusanyika, hupita chini ya kwapa, hujisokota, kisha hufungwa upande wa mbele wa mfupa wa mkono, karibu kabisa na bega. Pande zote mbili za mgongo zina msuli huo, na mtu aliyeujenga huonekana ametanuka chini ya makwapa.

Kazi yake kubwa ni kuushusha mkono ulioinuliwa. Mama anayetwanga kisamvu anautumia kila mchi unapoteremka kinuni. Anayevuta ndoo kisimani kwa kamba anautumia, na mkulima anayelivuta jembe kwenye shamba la mihogo, na mvuvi anayepiga kasia. Sasa fikiri mikono imeshika chuma kisichosogea. Msuli unavuta uleule, lakini mkono hauwezi kushuka. Kinachobaki ni mwili kupanda. Ndiyo zoezi la kujivuta juu, ambalo vijana wa jimu huliita pulapu.

Jirani zake hawakai bure. Misuli iliyo kati ya mabapa ya mabega huyashusha na kuyavuta nyuma, msuli wa mbele ya mkono hukunja kiwiko, misuli ya tumbo huzuia miguu isiyumbe, na vidole vyenye misuli yake kwenye kigasha hushikilia mzigo wote. Mtu wa kilo 65 anayening'inia amebeba zaidi ya mfuko wa saruji, ambao una kilo 50, na ameubeba kwa vidole.

Kwa kuwa mgongo hauonekani, watu hupima nguvu kwa vinavyoonekana au kuhisiwa: unene wa mkono, jasho kwenye shati, maumivu ya kesho yake. Dhana nyingi potofu kuhusu mazoezi zinatokana na vipimo hivyo vitatu. Mwili nao una hesabu yake nyingine. Hujenga uwezo wa kazi ile hasa unayoipa, na kwa kiasi kile unachoipa.

Mkwezi hapandi kwa mikono

Mkoa wa Pwani, iliko Kisarawe, ni nchi ya minazi, na ukimtazama mkwezi akiwa kazini utadhani ndiye bingwa wa asili wa kujivuta. Mtazame tena, safari hii umwangalie miguu. Anakanyaga vidato vilivyokatwa kwenye shina, au anaibana miguu kwa kamba, kisha anajisukuma kwa mapaja. Mikono inaukumbatia mnazi ili asianguke nyuma. Kuinua mwili ni kazi ya miguu.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 na watafiti Vivek Venkataraman, Thomas Kraft na Nathaniel Dominy ulilionyesha jambo hili hapa hapa Afrika Mashariki. Waliwapima Watwa wa Uganda, ambao wanaume wao hupanda miti kufuata asali, wakawalinganisha na majirani zao Bakiga ambao ni wakulima. Watwa waliweza kuukunja wayo kuelekea ugokoni kwa digrii zaidi ya 45 na kutembea juu ya shina huku unyayo umelalia gome. Picha za mawimbi ya sauti zilionyesha sababu: nyuzi za msuli wa shavu la mguu kwa Watwa ni ndefu kuliko za wakulima wale. Watafiti walieleza kwamba huenda urefu huo umejengwa na upandaji wenyewe, tangu mtu angali mdogo.

Ndiyo maana mkwezi hodari anaweza kushindwa kujivuta mara tano kwenye chuma, na bingwa wa chuma akakwama katikati ya mnazi akilia kuomba ngazi. Hakuna aliye dhaifu kati yao. Kila mmoja ana nguvu za kazi aliyoizoea.

Ukitoka Mzenga ukavuka kwenda wilaya jirani ya Kibaha, utakuta shule alizozianzisha Filbert Bayi, Mtanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mwili wake mwembamba usingemtisha mtu mlangoni mwa ukumbi wa disko. Lakini kwa kazi aliyoufunza, hapakuwa na mwili mwingine duniani siku hiyo uliouzidi.

Ukubwa una gharama yake

Katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani humohumo Kisarawe, anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku asiyefikisha gramu 100. Jamaa zake wa nyika, wakubwa kuliko yeye, huruka wima zaidi ya mita mbili. Kwa nini wadogo wanaonekana kama wameibiwa uzito?

Jibu liko kwenye hesabu. Nguvu ya msuli hufuata unene wake, yaani eneo la mkato wake. Uzito hufuata ujazo wa mwili mzima. Mtu akirefuka mara mbili bila kubadili umbo, mkato wa misuli yake huongezeka mara nne, lakini uzito wake huongezeka mara nane. Nguvu imeongezeka, ila mzigo umeipita. Kwa sababu hiyo mtoto wa darasa la tatu hubembea kwenye tawi la mwembe jioni nzima, wakati baunsa wa kilo 110 anahema baada ya kujivuta mara mbili. Baunsa ana nguvu nyingi kuliko mtoto, bila shaka, lakini kwenye chuma kila mtu hubeba uzito wake mwenyewe.

Hata sifa za sokwe zimetiwa chumvi. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba sokwe ana nguvu mara tano ya binadamu. Mwaka 2017 watafiti walipopima nyuzi za misuli ya sokwe na kukokotoa uwezo wa msuli mzima, walipata kwamba ni takriban mara 1.35 tu ya ule wa binadamu. Tofauti inatokana zaidi na aina ya nyuzi: sokwe wana nyingi zinazofyatuka haraka, sisi tuna nyingi za polepole zisizochoka upesi. Sokwe wa Gombe atatushinda kwenye tawi, nasi tutamshinda kwenye safari ya kilomita arobaini kwa miguu.

Wiki za kwanza anayejifunza ni ubongo

Kijana anaanza mazoezi Januari akiwa hawezi kujivuta hata mara moja. Baada ya wiki nne anaweza mara mbili. Anajipima mkono kwa futi ya fundi cherehani: haujaongezeka hata kidogo. Nguvu imetoka wapi?

Imetoka kwenye neva. Msuli hauamki wote kwa pamoja. Ubongo huamsha mafungu ya nyuzi, na kwa mtu asiyezoea mafungu mengine hubaki yamelala. Mazoezi huufundisha ubongo kuyaita mengi zaidi, kuyaita kwa pamoja, na kuituliza misuli inayovuta upande wa pili. Mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, E. W. Scripture na wenzake walieleza kwamba mkono mmoja ukifanyishwa mazoezi, ule uliokaa bure nao huongezeka nguvu. Mwaka 1979 Toshio Moritani na Herbert deVries walionyesha kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la nguvu katika wiki za mwanzo hutoka kwenye neva, kisha unene wa msuli huja kuchukua nafasi yake.

Somo lake ni jepesi. Anayeacha wiki ya tatu kwa kuwa “mwili haujatoka” anaacha wakati kazi imeshaanza. Na kwa kuwa ni ujuzi unaojengwa, mazoezi machache yanayorudiwa mara tatu kwa wiki huzaa kuliko siku moja ya kujimaliza. Haba na haba hujaza kibaba.

Jasho, maumivu na kitambi

Wapo wanaojifunga nailoni tumboni na kukimbia jua la saa sita ili “kuyeyusha mafuta”. Jasho ni maji na chumvi, na kazi yake ni kuupoza mwili. Kilo moja iliyotoka kwa jasho hurudi mtu akishakunywa maji, na asipokunywa anajiweka hatarini, hasa kwenye joto la Pwani.

Wengine hupiga zoezi la tumbo mara mia kila asubuhi ili wapunguze kitambi. Mwili hauchukui mafuta mahali unapopafanyisha kazi. Mwaka 1971 Grant Gwinup na wenzake waliwapima wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja hufanya kazi kuliko mwingine kwa miaka mingi. Mkono wa raketi ulikuwa mnene zaidi, lakini mafuta ya chini ya ngozi yalilingana na ya mkono wa pili.

Kujivuta nako hakuchomi sana. Tupige hesabu. Mtu wa kilo 65 akijiinua nusu mita anafanya kazi ya jouli kama 320. Mara kumi ni jouli 3,200, ambazo hazifikii kilokalori moja. Misuli hugeuza takriban robo au moja ya tano tu ya nishati yake kuwa kazi, kwa hiyo gharama halisi ya kupanda ni kilokalori tatu au nne. Hata ukiongeza gharama ya kushuka na ya kuhema baadaye, ni vigumu kufikia kilokalori 16 zilizomo katika kijiko kimoja cha chai cha sukari.

Ushahidi mwingine umetoka kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ya Wahadzabe, watu wanaotembea kutwa nzima, wanaochimba mizizi na kuwinda. Walitarajia kukuta wanatumia nishati nyingi kuliko watu wa mijini wa Marekani na Ulaya. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuonekana. Inaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi yake mahali pengine. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, mifupa, sukari ya damu na usingizi. Lakini anayetaka kupungua lazima aanzie kwenye sahani.

Maumivu ya kesho yake nayo husingiziwa asidi ya laktiki iliyoganda kwenye misuli. Laktiki inayotengenezwa wakati wa zoezi huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi, wakati maumivu huanza siku ya pili na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Mwaka 1902 Theodore Hough alidokeza kwamba chanzo ni majeraha madogo ndani ya msuli, na utafiti wa baadaye umemuunga mkono. Huletwa zaidi na zoezi geni, hasa la kushuka. Kwa hiyo maumivu yanakuambia kwamba jambo ni jipya kwa mwili, hayakuambii kwamba nguvu imeongezeka. Aliyezoea anaweza kuendelea kuimarika bila kuumwa.

Tahadhari moja: anayeanza kwa kujivuta hadi mikono ikakataa kunyooka, kisha akaona mkojo una rangi ya chai, asisubiri kesho. Misuli iliyovunjika kwa wingi humwaga protini inayoweza kuharibu figo. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mayai mabichi na makopo ya unga

Msuli hujengwa kwa protini, hilo halina ubishi. Kwa mtu anayefanya mazoezi ya nguvu, takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo faida hupungua. Kwa mtu wa kilo 65 hizo ni gramu kama 104. Dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hulipa sehemu kubwa ya deni hilo kwa bei nafuu, maharage yakiongezea. Unga wa protini wa makopo ni chakula kilichokaushwa, hauna kitu ambacho samaki hana.

Kumeza mayai mabichi alfajiri ni hasara. Vipimo vilivyofanywa Ubelgiji mwaka 1998 vilionyesha kwamba protini ya yai lililopikwa humeng'enywa kwa takriban asilimia 91, na ya yai bichi kwa asilimia 51 hivi. Anayelimeza bichi anatupa karibu nusu, na anajiongezea hatari ya bakteria wa salmonela.

Wanawake, na upana wa mshiko

Husemwa kwamba mwanamke hawezi kujivuta. Ni kweli anaanza na mlima mrefu zaidi: kwa wastani wanawake wana misuli pungufu kwa asilimia 40 sehemu ya juu ya mwili ukilinganisha na wanaume, na pungufu kwa asilimia 33 sehemu ya chini. Lakini wakifanya mazoezi yaleyale, ongezeko lao kwa asilimia hulingana na la wanaume. Na anayeogopa kupata mabega ya kiume ajue kwamba homoni ya testosteroni kwa mwanamke ni chini mara kumi au zaidi. Ataongeza nguvu muda mrefu kabla umbo halijabadilika sana.

Dhana nyingine ni kwamba ukishika chuma kwa mikono iliyoachana sana, mgongo unatanuka zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Norway walilinganisha mishiko mitatu kwenye mashine ya kuvuta chuma kutoka juu. Msuli mpana wa mgongo ulifanya kazi karibu sawa katika yote mitatu, na mshiko mpana ndio ulioinua uzito mdogo zaidi. Shika kwa upana unaozidi mabega kidogo. Viganja vikikutazama, msuli wa mbele ya mkono husaidia zaidi na zoezi huwa jepesi kidogo. Ni mahali pazuri pa kuanzia.

Safari ya kufika juu

Kwanza tafuta pa kushika. Kwa kanuni za soka mtambaa wa panya uko mita 2.44 kutoka ardhini, urefu unaofaa kabisa kwa kazi hii. Hakikisha milingoti imechimbiwa chini na mti wa juu haujaliwa na mchwa. Goli lisilochimbiwa linaweza kumwangukia mtu na kumuua. Tawi bichi na nene nalo linafaa.

Hatua ya kwanza ni kuning'inia tu, sekunde kumi, baadaye ishirini, hadi thelathini, mpaka vidole vizoee. Hatua ya pili, ukiwa umening'inia na mikono imenyooka, shusha mabega mbali na masikio kisha yaachie. Mwili utapanda kidogo sana, lakini hapo ndipo mgongo unapojifunza kuanza kazi kabla ya mikono.

Hatua ya tatu ndiyo yenye siri. Msuli unaorefuka huku umebeba mzigo huhimili uzito mkubwa kuliko unapofupika, kwa hiyo asiyeweza kupanda anaweza kushuka. Panda kwenye kigoda au gogo, weka kidevu juu ya chuma, kisha teremka polepole kwa sekunde tano au zaidi. Rudia mara tatu hadi tano, ukipumzika dakika mbili kila mara. Mpanda ngazi hushuka, na hapa kushuka ndiko kunakomfundisha kupanda.

Sambamba na hiyo, lala chini ya mti uliowekwa usawa wa kiuno, visigino vikiwa ardhini, uvute kifua kiende juu. Na ukiwa na tyubu kuukuu ya baiskeli, ifunge juu, weka goti ndani yake, ikusaidie kupanda. Kadiri unavyopata nguvu, punguza msaada. Fanya hivi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku za katikati uuachie mwili nafasi ya kujijenga.

Mwisho, weka kumbukumbu. Andika ukutani kwa mkaa umening'inia sekunde ngapi, umeshuka kwa sekunde ngapi, umejivuta mara ngapi. Mwezi ujao namba hizo zikiwa zimepanda, zoezi limefanya kazi, hata kama shati lilibaki kavu, hukuumwa popote, na futi ya fundi cherehani inasoma palepale.